Chaneli Ileile, Seli Nyingine

Ncha ya pipeti, mrija mwembamba wa kioo wa kurekodia umeme wa seli, iko mikromita chache juu ya seli ya neva. Kwenye skrini, mapigo ya majaribio ya milivolti 5 yanaonyesha ukinzani wa megaohmu 5, maana yake kioo ni kizima na hakijaziba. Shinikizo dogo kutoka ndani ya pipeti linafagia uchafu ulio mbele yake, na juu ya seli kinajitokeza kibonyeo kama shavu lililoguswa kwa ncha ya kidole. Hapo hapo shinikizo linaachiwa. Mtafiti anavuta hewa kidogo kupitia mrija ulio mdomoni. Ukinzani unapanda: 20, 80, 300, kisha unavuka gigaohmu 1, na mstari uliokuwa ukitetemeka unalala.

Anavuta tena, kwa kifupi na kwa nguvu zaidi. Utando unapasuka, na umeme wa seli nzima unaanza kusomeka.

Watu hutumia miaka kuizoea dakika hiyo, na wengine hujenga juu yake kazi ya maisha yao yote. Lakini kwa wiki kadhaa imekuwa ikinisumbua, wala si kwa sababu ya ugumu wake. Kinachonisumbua ni kwamba rekodi safi kabisa, iliyochukuliwa kwa kila tahadhari, inaweza kusema kweli tupu kuhusu chaneli, ule mlango wa protini unaopitisha ioni kwenye utando wa seli, na bado ikapotosha kuhusu ugonjwa.

Mfano unaonirudia ni jeni SCN1A.

Jeni hiyo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza chaneli ya sodiamu iitwayo Nav1.1. Chaneli za sodiamu ndizo zinazoifanya seli ya neva ifyatue: utando ukichangamka kidogo zinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, na ishara inasafiri. Ukiharibu nakala moja kati ya mbili za jeni hiyo, ungetarajia ubongo uliopoa. Kinachotokea ni ugonjwa wa Dravet. Mtoto aliyezaliwa vizuri, kabla hajatimiza mwaka, anapata degedege la muda mrefu akiwa na homa au baada ya kuogeshwa maji ya moto. Kinafuata kifafa kinachokataa dawa, ukuaji wa akili unasuasua, na kuna hatari ya kufa ghafla usingizini.

Chaneli ya kuwasha imepungua, na ubongo unawaka zaidi.

## Kabla ya kuuamini mstari

Anayesoma makala za chaneli bila kuwahi kukaa kwenye meza ya kurekodi haoni ni mambo mangapi yanaweza kuzaa mstari mzuri wa uongo.

Tuanze na kipande cha ubongo wa panya. Kinakatwa kwa unene wa mikromita 300 hivi, ndani ya myeyusho wa baridi kali ambao sodiamu yake imepunguzwa na nafasi kujazwa na sukrosi au kemikali nyingine isiyopita kwenye chaneli. Ukikata ndani ya sodiamu na kalsiamu ya kawaida, seli zilizojeruhiwa hufyatua ovyo, huvimba na kufa. Kipande kinapumzishwa kwenye nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi kwa nusu saa, kisha kinahamishiwa kwenye myeyusho wa kurekodi: kloridi ya sodiamu milimola 125 kwa lita, potasiamu 2.5, kalsiamu 2, magnesiamu 1, bikaboneti 25 au 26, pamoja na glukosi. Wakati wote unapulizwa hewa yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5.

Ile kaboni dioksidi haipo kwa mapambo. Mtungi ukiisha bila mtu kugundua, pH inapanda na kalsiamu inaanza kuganda. Ukiona ukungu mweupe kwenye chupa, mwaga kila kitu. Seli ulizorekodi katika nusu saa iliyopita nazo zitupwe, hata kama mistari yake inapendeza.

Ndani ya pipeti kuna myeyusho mwingine, unaoiga ndani ya seli: potasiamu glukoneti karibu milimola 130, ATP na GTP za kuipa seli nishati, bafa ya kushikilia pH kwenye 7.2 au 7.3, na osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka) ya milliosmoli 285 hadi 295, chini kidogo ya ile ya nje. Osmolariti ya ndani ikizidi ya nje, seli inafura na muhuri kati ya kioo na utando unavuja. Myeyusho ukikaa mezani siku nzima bila barafu, ATP inavunjika na mikondo inafifia polepole. Mwanafunzi mgeni huandika kwenye daftari kwamba dawa yake imefanya kazi. Waya wa fedha ulio ndani ya pipeti ukipoteza ngozi yake ya kloridi, volteji inahama yenyewe dakika hadi dakika. Na pale miyeyusho miwili inapokutana kwenye ncha ya kioo huzaliwa volteji ya milivolti 10 hadi 15, ambayo maabara fulani huisahihisha na nyingine haziisahihishi. Ndiyo maana thamani za makala mbili zinaweza kupishana kwa milivolti hizohizo bila seli kuwa na tofauti yoyote.

Siku nzuri hutoa seli sita au saba zinazokidhi vigezo. Siku mbaya hutoa sifuri.

## Milivolti 50 zinazopotea

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni lile ambalo halionekani kwenye skrini.

Ili kupima mkondo wa sodiamu, mtafiti hushikilia volteji ya utando mahali pamoja, huiruhusu kuruka hadi hatua anayotaka, na kupima mkondo unaotiririka. Lakini kati ya kifaa na utando kuna ukinzani wa ncha ya pipeti na mabaki ya utando uliopasuliwa. Tuseme ni megaohmu 5, kiwango ambacho wengi wangekifurahia. Mkondo wa sodiamu wa seli kubwa ya neva unaweza kufika nanoampea 10. Zidisha: milivolti 50. Kifaa kinaamini kimeipeleka seli kwenye milivolti −20, kumbe utando uko kwenye +30. Ukifidia ukinzani huo kwa asilimia 80 bado unabaki na kosa la milivolti 10, na milivolti 10 inatosha kabisa kugeuza hitimisho kuhusu chaneli iliyobadilika na isiyobadilika.

Tena hapo bado hatujagusa aksoni, uzi mrefu unaobeba ishara kutoka kwenye seli. Chaneli nyingi za sodiamu hukaa mwanzoni mwa aksoni, makumi ya mikromita kutoka kwenye pipeti, mahali ambapo amri ya volteji inafika imechelewa na imedhoofika. Rekodi ya seli kama hiyo huonyesha mkondo unaolipuka ghafla badala ya kukua taratibu kwa kila hatua. Ukiona umbo hilo kwenye mchoro wa makala, ujue volteji haikushikiliwa, haidhuru takwimu zimepangwaje.

Njia za kukwepa zipo. Unapunguza sodiamu ya nje ili mkondo wenyewe uwe mdogo. Unaweka sesiamu ndani ya pipeti kuziba chaneli za potasiamu, na kadmiamu nje kuziba za kalsiamu. Mwishoni unaongeza tetrodotoksini, ile sumu ya samaki bunju, kwa kiwango cha mikromola moja au nusu yake, unarekodi tena, kisha unatoa: kilichotoweka ndicho mkondo wa sodiamu. Au unazitenganisha seli za neva kwa vimeng'enya mpaka ibaki miili ya seli yenye visiki, bila aksoni.

Au unaiacha kabisa seli ya neva.

Hapa ndipo utafiti wa magonjwa ya chaneli ulipochukua barabara kuu. Chukua seli za HEK293, zilizotokana na figo ya kijusi cha binadamu. Ni za mviringo, hazina aksoni, na chaneli zake zenyewe ni chache. Ingiza DNA ya chaneli unayotaka pamoja na protini inayong'aa kijani ili uzitambue zilizopokea, subiri siku moja au mbili, rekodi. Siku hizi mashine hurekodi mashimo 384 kwa mpigo mmoja bila mkono wa mtu.

Hata hapo SCN1A ni mkorofi. Protini yake ina amino asidi zipatazo 2,000, na DNA yake haipendi kukaa ndani ya bakteria: hujikata na kujipanga upya. Wanaoijua hukuza bakteria kwenye nyuzi 30 badala ya 37, huchagua koloni ndogo zinazokua polepole, na husoma DNA yote upya kila wanapoandaa shehena mpya. Koloni nene iliyokua haraka mara nyingi ni ile iliyoitupa jeni.

## Kutoka sumu ya nge

Ukitaka kuona jinsi kazi ya maisha inavyoweza kugeuka ikiwa njiani, tazama ya William Catterall wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle.

Alianza kama mwanabiokemia. Mwaka 1952 watafiti Hodgkin na Huxley walikuwa wamekwisha kueleza kwa hesabu jinsi sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye aksoni nene ya ngisi, lakini hakuna aliyejua kitu chenyewe kinachopitisha ni nini. Mwaka 1976 watafiti Neher na Sakmann walirekodi chaneli moja moja ikifunguka na kufunga, mkondo wa pikoampea chache tu. Pikoampea moja ni ioni kama milioni sita kwa sekunde. Bado protini ilikuwa haijashikwa. Catterall alitumia sumu ya nge inayong'ang'ania chaneli ya sodiamu, akaifunga kemikali inayojigandisha kwa mwanga, akaimulika, na mwaka 1980 yeye na mwenzake wakaonyesha protini kubwa ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zipatazo 260,000 ikiandamana na nyingine ndogo.

Hiyo peke yake ingemtosha mtu. Angeweza kuzeekea hapo akisafisha, akipima, akichora umbo, na kweli mwaka 2011 kundi lake lilichapisha umbo la chaneli ya sodiamu ya bakteria, atomu kwa atomu.

Ila katikati kuna panya wa 2006.

Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji walikuwa wameonyesha kwamba watoto wenye Dravet wana mabadiliko mapya kwenye SCN1A, ambayo wazazi hawana. Kundi la Catterall likatengeneza panya asiye na nakala moja ya jeni hiyo. Panya hao walianza kupata kifafa wakiwa na wiki tatu hivi. Seli za hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo, zikatenganishwa na kurekodiwa aina kwa aina. Kwenye seli za piramidi, zile zinazochochea, mkondo wa sodiamu haukuonyesha upungufu. Kwenye seli zinazotuliza, zinazotoa kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, mkondo ulianguka sana.

Yaani kitendawili kiliteguka kwa kuuliza ni seli gani. Seli za kutuliza hufyatua kwa kasi kubwa na zinategemea Nav1.1 kuliko wenzao. Ukiipunguza, walinzi ndio wanaonyamaza kwanza.

Kuna jambo kwenye kazi ile ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mabadiliko yaleyale kwenye panya wa ukoo wa B6 yalileta vifo vingi. Kwenye ukoo wa 129 yalikuwa mepesi mno. Jeni moja, uharibifu mmoja, na hatima tofauti kwa sababu ya jeni nyingine zilizokaa pembeni. Maabara inayonunua panya, ikawachanganya koo kwa vizazi viwili vitatu bila kuandika, inaweza kupoteza ugonjwa wote na kudhani imeuponya.

## Mabadiliko mamoja, majibu yasiyopatana

Sasa nafika kwenye kilichonikosesha raha.

Kuna mabadiliko yaitwayo R1648H: kwenye nafasi ya 1,648 ya protini, amino asidi arjinini imebadilishwa na nyingine, histidini. Yalipatikana mwaka 2000 kwenye familia yenye kifafa kinachoanza na degedege la homa na kuendelea baadaye maishani. Nafasi hiyo iko kwenye sehemu inayohisi volteji, kwa hiyo kila mtu alitarajia kuona kitu.

Na walikiona. Kwenye mayai ya chura Xenopus, chaneli iliyobadilika ilirudi kazini haraka kuliko kawaida baada ya kufunga. Kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, iliacha mkondo mdogo unaovuja bila kukoma. Majibu hayo mawili hayafanani, lakini yote yanaelekea upande mmoja: chaneli inafanya kazi kupita kiasi. Maelezo yalikuwa yanaingia akilini, chaneli ya kuchochea imezidi, basi kifafa. Wahakiki waliridhika, na sioni kwa nini wasingeridhika.

Kisha mwaka 2010 mabadiliko hayo yaliwekwa kwenye panya. Kwenye seli za neva za kutuliza, chaneli ilichelewa kurudi kazini, na kila ilipochokozwa mfululizo ikazidi kuchoka. Seli hizo zilishindwa kufyatua inavyotakiwa. Ni upungufu.

Hakuna aliyerekodi vibaya. Mihuri ilikuwa imara, hesabu zilikuwa sawa. Yai la chura halina protini saidizi zote ambazo seli ya neva inazo, halina vimeng'enya vilevile vya kuitia chaneli fosfati, halina mwanzo wa aksoni wenye nanga zake, na hurekodiwa kwenye joto la chumba wakati ugonjwa wenyewe huchokozwa na homa. Chaneli ilijibu kwa ukweli kutokana na mahali ilipowekwa.

Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Maabara nyingi bado hutoa hukumu ya "imezidi" au "imepungua" kutoka kwenye seli ya figo, na hukumu hiyo huingia kwenye ripoti ya jeni ya mtoto. Ripoti ikisomwa na daktari, ndiyo inayoamua dawa.

## Madaktari walitangulia

Hapa kuna shaka ambayo mtu wa chaneli hawezi kuikwepa kirahisi.

Lamotrijini, kabamazepini na fenitoini huzuia chaneli za sodiamu, na kwa aina nyingi za kifafa husaidia. Kwa mtoto wa Dravet zinaweza kuzidisha hali. Maelezo ya mwaka 2006 yanafanya hilo lieleweke mara moja: unawazuia walinzi waliokwisha dhoofika. Lakini madaktari walikwisha kuripoti mwaka 1998 kwamba lamotrijini inawaharibia wagonjwa hawa, miaka mitatu kabla jeni haijajulikana na minane kabla ya panya. Waliona kwa macho, wakaandika.

Na dawa zilizoleta nafuu kubwa? Fenflurameni ilikuwa dawa ya kupunguza hamu ya kula. Iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Madaktari wa Ubelgiji waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wachache walioitumia kwa dozi ndogo, na mwaka 2020 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya Dravet, kwa sharti la kupimwa moyo kwa ultrasaundi kabla ya kuanza na kila miezi sita. Inafanya kazi kwa kuongeza serotonini. Haikutoka kwenye rekodi yoyote ya Nav1.1.

Mtu akiuliza miaka yote ile ya pipeti imemletea nini mtoto huyu, jibu la haraka haraka halitoshi. Kitu kimoja kilicho wazi kilitoka kwenye jeni, si kwenye umeme: mwaka 2006, kati ya watu 14 ambao ugonjwa wao wa ubongo ulikuwa umelaumiwa kwa chanjo ya kifaduro, 11 walikutwa na mabadiliko ya SCN1A. Kwa familia zilizobeba lawama hiyo kwa miaka, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kuhusu umeme, naona mchango wake uko kwenye jeni jirani.

## Pale ilipolipa, na pale ilipokwama

SCN2A inatengeneza Nav1.2, ambayo mapema maishani hukaa mwanzoni mwa aksoni za seli za kuchochea. Kwa hiyo, tofauti na Nav1.1, ikizidi inachochea moja kwa moja. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2017 ulilinganisha rekodi za chaneli na historia za wagonjwa, na mstari ukajitokeza kwenye umri wa miezi mitatu. Watoto ambao kifafa kilianza kabla ya hapo kwa kawaida walikuwa na chaneli iliyozidi, na dawa za kuzuia sodiamu ziliwasaidia, fenitoini ikiwemo. Walioanza baadaye kwa kawaida walikuwa na chaneli iliyopungua, na dawa zilezile hazikuwafaa au ziliwazidishia.

Hili daktari asingeligundua kwa macho peke yake, kwa sababu jina la jeni kwenye ripoti ni lilelile. Alihitaji mtu aliyepima.

KCNT1 ni habari nyingine. Ni chaneli ya potasiamu. Mabadiliko ya kifafa huifanya ipitishe mkondo kupita kiasi. Kwinidini, ndugu wa kwinini aliyetumika zamani kwa mapigo ya moyo yasiyo sawa, huizuia chaneli hiyo sahanini. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya mtoto aliyepata nafuu kubwa. Dawa ipo tayari, bei yake ndogo, mantiki imenyooka. Wengi wetu tuliifurahia mapema mno.

Jaribio lililopangwa kwa kubahatisha lilichapishwa 2018 likiwa na wagonjwa sita. Hakuna nafuu iliyoonekana, na moyo ulianza kuonyesha dalili za hatari kwenye kipimo cha umeme wake mpaka dozi ikashushwa.

Ukirudi kwenye rekodi za sahanini unaona tatizo lilikuwepo tangu mwanzo. Kiwango cha kwinidini kinachohitajika kuizuia KCNT1 kiko juu sana kuliko kile ambacho damu inaweza kubeba bila chaneli ya potasiamu ya moyo kuzuiwa kwanza. Namba zote mbili zilikuwa zimechapishwa. Hazikuwa kwenye ukurasa mmoja, basi.

## Swali la pili ni lini

Baada ya "seli gani", utafiti wa Dravet umelazimika kuuliza umri gani, na hapa panya wametoa jibu ambalo sikulitarajia. Kazi iliyochapishwa 2018 ilirekodi seli za kutuliza zinazofyatua haraka kwenye gamba la ubongo. Kwa panya wa wiki tatu hivi, zilishindwa kufyatua kwa kasi, kama ilivyotarajiwa. Kwa panya wa wiki tano, zilikuwa zimerudi karibu na kawaida.

Panya walikuwa bado wana kifafa.

Maabara iliyochagua kurekodi panya wa wiki tano kwa sababu za ratiba ingeandika kwamba nadharia ya 2006 haina mashiko. Iliyochagua wiki tatu ingesema imethibitika. Kazi zilizofuata kutoka kundi lilelile zilionyesha kwamba mwili wa seli unapona lakini aksoni haiponi: ishara inazaliwa vizuri, halafu inapotelea njiani kabla ya kufika mwisho, hasa seli inapofyatua mfululizo.

Jambo hili lina uzito wake kwa matibabu yanayojaribiwa sasa. Zorevunersen ni kipande kifupi cha asidi ya nyukliia kinachodungwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Ndani ya ujumbe wa SCN1A, yaani nakala ya RNA inayobeba maelekezo ya jeni, kuna sehemu ambayo ikiingizwa huufanya ujumbe wote utupwe. Kipande hiki huzuia isiingizwe, na nakala nzima ya jeni inatoa protini zaidi. Napenda mantiki yake kwa sababu haiibuki na chaneli mahali isipokuwepo. Seli isiyosoma SCN1A haina ujumbe wa kurekebishwa. Kwenye panya, dawa ya aina hiyo ilipodungwa mara moja siku ya pili baada ya kuzaliwa, asilimia 97 walifika siku ya 90, dhidi ya asilimia 23 ya wasiotibiwa.

Lakini siku ya pili ni kabla ya kifafa kuanza. Watoto walio kwenye majaribio wana umri wa miaka miwili na kuendelea, wakati ugonjwa umekwisha kukaa. Kama kilichobaki kimeharibika ni aksoni, basi kinachopaswa kupimwa ni aksoni, na ncha zake ni ndogo kuliko mdomo wa pipeti.

Kinachofanyika ni kuzunguka tatizo kwa pipeti mbili. Moja inashika seli ya kutuliza, iliyotiwa protini inayong'aa ili itambulike. Nyingine inashika seli ya piramidi iliyo karibu nayo. Ya kwanza inalazimishwa kufyatua mara 100 kwa sekunde na zaidi, na kwa ya pili unahesabu ni mara ngapi jibu halikuja. Jozi nyingi hazijaungana, kwa hiyo unatupa kazi ya nusu siku bila kupata hata hesabu moja. Ukinzani wa pipeti ya pili ukipanda katikati ya mfululizo, majibu madogo yanazama kwenye kelele na unayahesabu kama hayakuja. Na kama myeyusho uko kwenye nyuzi 22 badala ya 34, hata aksoni nzima ya panya mwenye afya haifanyi kazi kwa kasi yake ya kawaida, na tofauti uliyokuwa unaitafuta inaweza kupotea au kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Hita ya myeyusho huongeza mtikisiko na kelele, muhuri hudumu muda mfupi zaidi, na idadi ya seli kwa siku inashuka. Ndiyo sababu rekodi nyingi zilizochapishwa bado ni za joto la chumba, kwa ugonjwa unaochokozwa na homa.